Mama Hakuipenda Sabuni Ile

Siku mkurugenzi alipozima taa za ukumbi na kutangaza kwamba kampuni haitahitaji tena kwenda kwa watu kuwauliza maswali, Maswali alikuwa ameketi mstari wa nyuma, mkoba mapajani, akisema moyoni: haya, tuuone ujinga wa leo.

Maswali si jina alilopewa na wazazi. Watoto wa mtaa mmoja ndio waliomwita hivyo, maana kila alipopita na mkoba wake alikuwa anauliza, na jina likamfuata mpaka ofisini. Kazi yake ilikuwa kuwasikilizia wenye viwanda. Kiwanda kikitaka kutoa sabuni mpya, au dawa ya meno, au mafuta ya nywele, kabla hakijatapakaza matangazo barabarani kinataka kujua watu watasemaje. Basi anatumwa Maswali. Anabisha hodi, anaketi penye nafasi, hata kama ni juu ya ndoo iliyofunikwa, anawasha kinasa sauti, anauliza, kisha ananyamaza. Wenzake wakishauliza walikuwa na haraka ya kumsaidia mtu kujibu. Yeye hapana. Anakutazama tu kwa upole mpaka unauonea aibu ule ukimya na kutoa lililoko tumboni, pamoja na mengine ambayo hata mumeo hujamwambia.

Na alikuwa na sheria moja ambayo aliwatwanga nayo wageni wote wa kazi: usimwekee mtu jibu mdomoni. Usimuulize mtu kwa nini ameipenda sabuni wakati bado hujajua kama ameipenda. Ukifanya hivyo, alisema, nenda kauze karanga, kazi hii imekushinda.

Sasa pale ukumbini ukuta mzima uliwaka rangi ya bluu. "Akili mnemba," alisema mkurugenzi, mikono hewani utadhani yeye ndiye aliyeiumba. "Tumeilisha mahojiano yetu yote ya miaka na miaka. Kila kanda, kila ripoti. Imesoma, imeelewa, na sasa imetuzalia wateja. Hawachoki, hawaombi nauli, hawatuambii turudi kesho kwa sababu leo wana msiba."

Watu wakacheka, kama wanavyocheka watu bosi anapotania. Wateja wenyewe walikuwa watatu: mama wa watoto wadogo, mwanafunzi wa chuo, na bikizee mmoja aliyeandikwa tu "Bibi". Mkurugenzi aliwaambia wamuulize Bibi lolote. Mhasibu, ambaye hajawahi kuuliza mtu chochote isipokuwa risiti, akaandika: Bibi, unaionaje sabuni ya unga ya pakiti ya kijani?

Maneno yakaanza kujipanga ukutani, moja baada ya jingine. "Sikiliza, mwanangu, nikwambie kitu bure. Mie na sabuni hatuongopeani. Hii imenifurahisha kweli, povu lake linakufanya usahau kwamba ulikuja kufua."

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Mhasibu akapiga makofi. Maswali alikuwa ameshasimama. "Nikwambie kitu bure" ilikuwa ya mama yake. "Mie na sabuni hatuongopeani" ilikuwa ya mama yake. Neno kwa neno. Mama yake ambaye walimzika mwaka jana.

"Zima hiyo," alisema.

Mkurugenzi aliweka mkono juu ya macho kumtafuta gizani. "Nani huyo?"

"Mimi. Nasema zima hiyo kitu. Huyo ni mama yangu."

Sasa ili uelewe ile hasira, lazima umjue mama mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa kubisha. Ukimwambia jua limetoka, anakwenda nje kuhakikisha. Alifua nguo za watu karibu maisha yake yote, na vidole vyake vilijua sabuni kuliko vilivyojua pete. Ndiyo maana Maswali, kabla hajapeleka maswali yake mitaani, aliyajaribu kwanza kwa mama, jikoni, kinasa sauti kikiwa kwenye meza kati ya vikombe. Ofisini hilo waliliita "jaribio". Swali likimchosha mama, litawachosha watu wote, likimkasirisha, linafutwa. Kanda zile Maswali alizipeleka ofisini pamoja na nyingine, zikaandikwa, zikawekwa ghalani. Hakuna aliyezihitaji tena. Zilikuwa sauti ya mama tu, akigomba na sabuni.

Na hiyo sabuni ya kijani mama aliijua vizuri. Ilipotoka mara ya kwanza aliitumia, ikamchubua katikati ya vidole, akaibwaga nje na ndoo yake. Maneno yake halisi, ambayo Maswali aliyasikia kwa masikio yake na kuyacheka mpaka machozi, yalikuwa haya: "Sikiliza, mwanangu, nikwambie kitu bure. Mie na sabuni hatuongopeani. Hii waende nayo wakaoshee magari."

Ilikuwaje basi akaipenda baada ya kufa? Hapo ndipo wizi wa ofisi ile ulipo, na hata mimi ninayesimulia nikifika hapa natamani kutukana. Ripoti za Maswali hazikumfikia mwenye kiwanda hata siku moja zilivyo. Kulikuwa na bwana mmoja aliyelipwa kwa kazi ya kulainisha. Mtu akisema "inachubua mikono", yeye anaandika "ina nguvu". Mtu akisema "inanuka kama kwa kinyozi", yeye anaandika "ina harufu ya kipekee". Mwenye kiwanda anafurahi, analipa, anarudi tena. Maswali aligomba nalo jambo lile mpaka akachoka, akajiambia angalau kanda zipo, ukweli umelala ghalani. Ikaja hiyo akili mnemba, wakaimwagia vyote kwa pamoja: kanda za watu na ripoti za mlainishaji. Ikajifunza kuongea kutoka kwa mama, na ikajifunza cha kusema kutoka ofisini. Ikatoka na mdomo wa mama na moyo wa mkurugenzi.

Mchana uleule alimfuata mkurugenzi chumbani kwake. Hakubisha hodi.

"Mfute," alisema.

"Keti kwanza, dada."

"Siketi. Mfute."

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa wa wale wanaokupaka mafuta kwa mgongo wa chupa huku wakikuuliza habari za watoto. Alimpa pole ya msiba, ile pole ambayo mwaka jana aliituma kwa ujumbe wa simu. Kisha akasema, "Lakini si ni heshima? Fikiria. Watu wanamsahau marehemu upesi. Wako ataendelea kuongea."

"Mama yangu akiongea, anaongea lake. Hilo linaloongea pale ni lenu."

"Ni mteja wa mfano tu, dada. Hana jina. Nani atajua?"

"Mimi najua!"

Aliipiga meza kwa kiganja, kikombe cha kalamu kikaanguka. Mkurugenzi akaziokota kalamu moja moja, taratibu, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Akaeleza kwamba kumtoa mama peke yake haiwezekani. Ukishakanda unga na maji, alisema, huwezi kurudi kuyaomba maji yako. Kinachowezekana ni kumfuta Bibi mzima, na Bibi ndiye aliyewachekesha watu wote ukumbini. Ijumaa mwenye kiwanda cha sabuni ya kijani anakuja, anaitoa upya kwenye pakiti mpya. "Sikiliza, tufanye hivi. Wewe ndiye utakayewahoji wateja hawa mbele yake, si unajua kuhoji? Asipompenda Bibi, namfuta siku hiyohiyo. Mimi na wewe hatutakuwa na ugomvi."

"Na akimpenda?"

Mkurugenzi akatabasamu. "Tutaona."

Maswali alitoka pale akiwa ameshapata pa kushika. Kitu kimoja tu alikitaka duniani wiki ile, wala hakikuwa cheo wala sifa: mama yake anyamazishwe. Aachwe alale na maneno yake mwenyewe, mazuri na mabaya.

Nyumbani alimkuta mdogo wake anakunja nguo. Huyu walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama, na jina hilo lilimganda mpaka amepata mvi mbili tatu. Alikuwa na miezi michache tu tangu arudi kutoka ughaibuni, na analala katika chumba cha mama, juu ya kitanda cha mama, kwa vile hakuna chumba kingine. Maswali alimwaga yote mlangoni, hata viatu hajavua: ukumbi, ukuta, mhasibu na makofi yake ya kipumbavu, mkurugenzi na unga wake.

Kitinda alisikiliza, shati likiwa mikononi. Alichouliza kilikuwa kimoja. "Anaongea kama yeye kweli?"

"Anaongea kama yeye, anasema ya kwao. Ndiyo maana nataka kuua mtu."

"Lakini ukimsikia, unasema ni mama."

"Kitinda, umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia, dada," alisema Kitinda, akaendelea kukunja.

Maswali alijua kilichokuwa nyuma ya swali lile. Kitinda aliondoka nyumbani bila kuaga. Mama alikuwa ameanza kuugua, alikwenda kliniki asubuhi kwa miguu yake, na aliporudi akakuta kabati la binti yake limeachwa wazi, limebaki na vibanio vya nguo tu. Kazi imepatikana ng'ambo, gari lilikuwa linasubiri, angeagaje na mama angemzuia? Ndivyo alivyojitetea baadaye. Mama hakujibu barua, hakupokea simu, na ikawa marufuku kumtaja Kitinda mbele yake.

Siku za mwisho Kitinda alipiga, analia, anaomba hata asikie pumzi ya mama. Maswali aliiweka simu kwenye sikio la mgonjwa. Mama alifumbua macho, akasikia ni nani, akageuza uso ukutani. Alikuwa hana nguvu za kuinua kijiko, lakini hiyo ya kugeuka alikuwa nayo. Maswali akatoka na simu hadi uani, akamwambia mdogo wake, "Amelala. Lakini amesema hana neno na wewe. Amekutaja kwa wema." Alisema hivyo kwa sababu ni dada, na kwa sababu ungekuwa ni wewe ungesema hivyohivyo. Kisha mama akafa, na neno lile likabaki limekaa nyumbani pale kama mwanafamilia mwingine.

Ijumaa aliamka mapema, akafungua kompyuta ya kazini kwenye meza ya kulia, akafanya mazoezi na Bibi. Aliuliza, akafuta, akauliza tena. Akagundua jambo. Ukimsukuma Bibi kidogo tu, anakwenda unakomsukumia. Ukimwambia sabuni ni nzuri, anasema ni nzuri sana. Ukimwambia ni mbaya, anakushukuru kwa kumkumbusha. Maswali akaona njia. Ile dhambi ya kazi aliyowakataza wenzake maisha yake yote, leo ataifanya mchana kweupe mbele ya mwenye kiwanda, na mzee wa watu ataona kwamba anauziwa hewa. Alivaa upesi, akaenda. Kompyuta akaiacha wazi mezani, kwa kuwa ukumbini wana yao.

Mwenye kiwanda alikuwa mzee mnene mwenye sauti nyororo, aliyeketi mbele kabisa na kuomba maji ya moto. Maswali alisimama, akaandika swali la kawaida kwanza. Bibi akaisifu sabuni. Mzee akacheka, "Huyu bibi ana maneno!"

"Subiri, mzee," alisema Maswali. Akaandika: Bibi, sabuni hii ilikuchubua vidole ukaitupa nje, sivyo?

"Sikiliza, mwanangu, nikwambie kitu bure," alijibu Bibi. "Ni kweli ilinichubua, nikaitupa nje. Sabuni gani ile!"

Akaandika: Lakini Bibi, si ulisema hukuchubuka, na mikono yako ikawa laini?

"Sikiliza, mwanangu, nikwambie kitu bure. Sikuchubuka kabisa. Mikono yangu ikawa laini kama ya mtoto."

Maswali akageuka, akatazamana na mzee ana kwa ana. "Umeona? Haina msimamo hata wa kuazima. Ukiiambia mvua, ni mvua. Ukiiambia jua, ni jua. Haijawahi kufua hata leso. Mama yangu, ambaye wamemchukulia maneno yake hapa, hakuwahi kukubali jambo mara ya kwanza tangu azaliwe. Mzee, sabuni yako inachubua watu. Walisema, na mimi niliwasikia, na nilikuletea, na watu hawa wakakulainishia. Sasa wanataka usiwasikie tena kabisa."

Mkurugenzi alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenye kiwanda alikunywa maji yake ya moto, akaweka glasi chini, akamtazama Maswali kwa huruma halisi kabisa, na hiyo huruma ndiyo iliyomkera kuliko yote.

"Mama," alisema, "unadhani mimi sijui kwamba inachubua? Ni sabuni yangu." Akamgeukia mkurugenzi. "Mie wale wa kweli wameshanichosha. Huyu anaambilika. Namtaka. Mtengenezeeni sauti, tumuweke kwenye simu, mteja akipiga kulalamika azungumze na bibi kama huyu. Nani atamtukana bibi? Na pakiti mpya tuandike hapo mbele: mie na sabuni hatuongopeani."

Mkurugenzi alicheka kwa furaha mpaka akakohoa. "Barabara, mzee! Barabara kabisa!"

Mambo ambayo Maswali alimwambia mkurugenzi baada ya hapo siwezi kuyaandika yote. Alimwita mwizi wa makaburi. Alimwambia siku atakapokufa yeye atafutiwe mashine itakayosema alikuwa mtu mwema, kwa sababu mtu wa kusema hivyo hatapatikana. Alimwambia kazi yake aichukue, aikunje, aiweke anapopajua. Mhasibu alijaribu kumshika mkono, akatazamwa jicho moja tu, akauachia. Mwenye kiwanda aliomba maji mengine.

Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa sababu alijua akipanda gari atagombana na abiria. Jua lilikuwa bado liko juu. Kila duka alilolipita lilikuwa na sabuni, na kila pakiti aliyoiona aliiona imeshaandikwa maneno ya mama. Watu watayasoma wakiwa wanafua, vidole vinawawasha, na watasema basi labda tatizo ni mimi, mbona bibi huyu anaisifu. Mama angekufa mara ya pili. Maswali alikuwa anaongea peke yake barabarani, kwa sauti, na hakujali nani anamtazama.

Alipofungua mlango, Kitinda alikuwa ameketi kwenye meza ya kulia, kompyuta mbele yake, macho yamevimba, na uso wake umenyooka kwa namna ambayo Maswali hakuiona tangu arudi.

"Dada," alisema, "nimeongea naye."

Maswali alisimama palepale. Juu ya kioo aliyaona maneno ya mdogo wake: Mama, ni mimi Kitinda. Nisamehe kwa kuondoka bila kukuaga. Na chini yake: "Sikiliza, mwanangu, nikwambie kitu bure. Nilishakusamehe zamani. Mie na wewe hatuna neno."

"Ni vilevile ulivyoniambia," alisema Kitinda, anacheka na kulia pamoja. "Hana neno na mimi. Unajua, dada, nilikuwa usiku nalala pale kitandani kwake nasema labda dada alisema tu ili ninyamaze. Nisamehe kwa kukuwazia hivyo. Wasimfute, nakuomba. Waambie wasimfute."

Ungemuonea huruma Maswali, lakini huruma yenyewe yeye hakuwa nayo kwa mtu yeyote saa ile. Alitoka kushindwa na mkurugenzi, akashindwa na mwenye kiwanda, na sasa anafika kwake, kwenye meza ya mama, anakuta hilo dude limeshaingia ndani na linabembelezwa. Na zaidi ya yote, linasema uongo uleule aliousema yeye, kwa sauti tamu kuliko yake.

"Hiyo siyo mama!" alifoka.

"Najua ni mashine, dada."

"Hujui! Ungejua usingekaa hapo unalia! Inakubali kila kitu, Kitinda, kila kitu! Ukiiambia imekusamehe, imekusamehe. Ukiiambia ni mkuu wa polisi, ni mkuu wa polisi. Mama hakuwa hivyo! Mama alikuwa na msimamo wake mpaka mwisho!"

"Basi usipige kelele, majirani..."

"Sogea! Sogea nikuonyeshe!"

"Dada, iache. Nakuomba iache tu."

Lakini Maswali alishaivuta kompyuta upande wake. Aliandika kwa nguvu, kila herufi akiigonga kama anapigilia msumari, hasira imemfunga macho, kitu kimoja tu kichwani: huyu mdogo wangu aone, aone kwa macho yake namna hili dude linavyogeuka. Mama, kwa nini ulikataa kumsamehe Kitinda mpaka unakufa? Alipopiga simu analia, kwa nini ulimgeuzia uso ukutani?

Jibu lilikuja papo hapo. "Sikiliza, mwanangu, nikwambie kitu bure. Nilikataa kwa sababu aliondoka bila kuniaga. Mie mtu akinipa mgongo, na mimi nampa wangu."

"Umeona!" Maswali aliinua mikono juu. "Umeona inavyogeuka? Dakika hii imesamehe, dakika hii imekataa! Niambie sasa, huyo ni mama? Ni takataka! Takataka ya kompyuta! Niambie, umeona?"

Kitinda hakuwa anatazama jibu la Bibi. Aliinama karibu na kioo, akaweka kidole pale juu kidogo, penye swali, akakipitisha polepole chini ya maneno ya dada yake, kisha akarudia tena tangu mwanzo.

"Alinigeuzia uso ukutani?" aliuliza.

Maswali alishusha mikono.

"Uliniambia alikuwa amelala."

"Kitinda, hiyo nimeandika tu, ili uone mashine..."

"Simu ile nilipiga kutoka bafuni kazini, nimejifungia. Ulisema amelala. Ulisema amenitaja kwa wema." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Alisema lolote, dada? Hata moja?"

Bibi mezani, kwa kuwa hajaulizwa kitu, naye alikuwa kimya. Kitinda alisubiri. Alisubiri muda wa kutosha mtu kusema ndiyo, na muda wa kutosha mtu kusema hapana, na alipoona hakuna kinachokuja aliinuka, akakirudisha kiti mahali pake.

"Mashine nilijua ni mashine," alisema. "Wewe ndiye niliyekuamini."

Akaingia chumbani kwa mama, akafunga mlango, na Maswali akasikia sanduku likiburutwa sakafuni, kisha droo za kabati zikifunguliwa, moja baada ya nyingine.